Fungu la Mpangaji

Kwa miaka ishirini na mitatu machinjioni, Makali alikuwa na kazi moja: kutoa mapafu na maini ya kondoo, kuyaning'iniza kwenye ndoano na kumsubiri mkaguzi wa nyama. Mkaguzi alikuwa mama mfupi asiye na utani. Aliyabonyeza mapafu kwa vidole, na akikuta uvimbe uliojaa maji, mweupe kama yai lililomenywa, alisema neno moja tu, "Shimoni." Mapafu hayo yalitakiwa yaende kwenye shimo la chokaa.

Sasa Makali hakuzaliwa na mkono wa kutupa. Mama akigeuka, pafu moja lilizama kwenye mfuko wa plastiki. Hilo lilikuwa fungu la Mpangaji.

Mpangaji alikuwa mbwa wake, jike wa rangi ya majivu. Alihamia barazani wiki tatu baada ya mke wa Makali kufariki, bila hodi, bila kodi, na chakula akapewa juu. Binti wa pekee alikuwa ameolewa mbali, akipiga simu Jumapili. Siku sita zilizobaki Makali alizungumza na mbwa. Jioni akifika kona ya mtaa alipiga mluzi mmoja mrefu, na Mpangaji akaja mbio kumlamba mikono yote miwili mpaka viwikoni. Hapo ndipo alipojiona amefika nyumbani.

Kisha kikaja kikohozi. Mwaka mzima Makali alisingizia vumbi. Pumzi ikapungua hata mluzi ukagoma. Akipuliza, hewa tupu inatoka. Mpangaji wala hakujali. Alijifunza kumtambua kwa kikohozi, akaja mbio vilevile.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Makali aliumbuliwa mapema kidogo, asubuhi moja akinawa uso. Kikohozi kilimbana, kitu kikapasuka kifuani, mdomo ukajaa maji ya chumvi. Akayatema kwenye beseni. Ndani yake vilielea vipande vyeupe, laini kama maganda ya zabibu. Mtu mwingine angeshangaa, lakini yeye alikuwa ameviona miaka yote ile, kwenye ndoano.

"Shimoni," alijiambia, na hakucheka.

Hospitalini, daktari wa upasuaji, kijana wa umri wa bintiye, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. Upande wa kulia palikaa duara kubwa kama limao.

"Mzee wangu, hii inaletwa na tegu, mnyoo mdogo kuliko punje ya mchele. Anaishi tumboni mwa mbwa. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, kwenye ulimi, kwenye nyasi. Kondoo akiyameza, mifuko ya maji inaota mapafuni mwake. Mbwa akila mapafu hayo, tegu anazaliwa upya. Na mtu akiyameza mayai, yanamfanya kama kondoo."

"Kwa hiyo nimekuwa kondoo."

"Kondoo mwenye bahati, maana tutakupasua ili upone. Nyumbani unafuga mbwa?"

Makali akaukumbuka mwaka wa kichaa cha mbwa, watu wa baraza la mji walipopita mtaani na nyama ya sumu.

"Sina."

Siku mbili kabla ya upasuaji alimpandisha Mpangaji kwenye lori la mifugo. "Mpeleke mbali," alimwambia dereva, "kwenye watu." Hakugeuka kutazama, kwa kuwa alijijua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wagonjwa wa kulia na kushoto kwake walizungukwa na shangazi, wajomba na kelele zao. Kwake kiti cha wageni kiliazimwa kila siku na majirani wa vitanda. Binti alipiga simu. "Baba, watoto wana mitihani, utanisamehe?" Akamjibu yuko salama. Alikuwa mpweke mpaka akaanza kumhesabu mfagizi kama mgeni.

Siku ya kumi na moja mkaguzi wa nyama aliingia, daktari akiwa papo hapo kando ya kitanda.

"Pole, Makali. Na Mpangaji nani anamlisha?"

Daktari akainua macho. "Mpangaji gani?"

"Mbwa wake. Yule wa mapafu." Mama akakaa. "Mfuko wako ulikuwa unavuja damu sakafuni kila jioni, ulidhani sioni? Nilikuonea huruma, nikanyamaza. Nimekosa mimi pia."

"Mzee, uliniambia huna mbwa."

"Nilidhani mtamuua."

"Tumuue kwa nini?" Daktari alishangaa kweli. "Anapewa kidonge cha minyoo kila baada ya wiki sita, na hapewi tena mapafu mabichi. Basi. Mbona hukuuliza?"

Husemwa majuto ni mjukuu. Wajukuu wengine wa Makali walikuwa mbali, lakini huyu alifika wodini siku hiyohiyo.

Alipotoka alikwenda kwanza kwa dereva.

"Kaka, nilimshusha karibu na malisho, ng'ambo ya kituo cha mafuta. Alinifuata. Nilimwona kwenye kioo akikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye kona."

"Alichoka?"

"Sijui. Kona ilimficha."

Walirudi na lori siku mbili mfululizo, wakauliza wachungaji, wakawaonya kuhusu tegu. Hakuna aliyemwona.

Jioni ya tatu Makali alirudi kwake kwa miguu, vidonge vya mbwa mfukoni. Kwenye kona ya mtaa midomo ikajikunja yenyewe, kwa mazoea. Mluzi ukatoka mzima, mrefu kuliko miaka yote, hata watu wakageuka. Kifua kilikuwa kimepona kabisa.

Akasubiri, akilitazama baraza. Kisha, kwa kuwa pumzi sasa alikuwa nayo, akapiga tena.