Awamu ya Pili

Jua lilikuwa halijafika utosini, lakini mipini ya sururu tayari ilikuwa haishikiki. Watu walikuwa wameifunga vitambaa, wengine soksi kuukuu, na bado viganja viliwababuka. Ardhi ya mtaa ule ilikosa mvua misimu miwili. Ukiipiga, inakurudishia pigo lako mpaka begani.

Ukingoni mwa mtaro alisimama Kinanda. Jina lake la kuzaliwa watu walikwishalisahau. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyembandika hilo siku za uchumba, akidai kwamba mwanamke huyu hata akikohoa, anakohoa kwa mpangilio.

"Maji yako wapi?" aliita.

"Yanakuja!" Sururu zikashuka pamoja.

"Yanakuja na nani?"

"Na sisi!" Zikashuka tena.

Mtaro ulikuwa mwembamba, na watu walichimba wamefuatana, mgongo wa mmoja mbele ya uso wa mwingine. Sururu yako ikipanda wakati ya mwenzako inashuka, mtu anapasuka kichwa. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusimama katikati ya wimbo. Uchoke usichoke, unasubiri mwimbishaji aseme "Tua!" ndipo uweke chuma chini na kuvuta pumzi. Siku za joto kali Kinanda aliwatua mapema. Alikuwa na jicho la huruma, na watu walimpendea hilo.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya bure. Nani angekubali, katika jua lile, kuchimba bure? Walikubali kwa sababu yake.

Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtaro. Mama yao alipokufa, Kinanda alimbeba mgongoni mtoto yule mpaka watu wakadhani ni kifungua mimba wake. Alimlisha, akamsomesha kwa kufua nguo za watu, akamwona amevaa kofia ngumu ya njano na kushika simu mbili. Siku ya mkutano alikuja na mwenyekiti wa mtaa, akasimama juu ya kiti, akasema kampuni inaleta mabomba, watu walete nguvu zao. Maji yatatoka bwawani mpaka mtaani.

"Wazee walisema, mchimba kisima hakatazwi maji," alisema. "Koki itakaa pale." Akanyosha kidole kwenye kona, penye kibanda cha muuza mkaa.

Muuza mkaa, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, alisimama. "Na isipokaa?"

Watu wakageuka kumtazama Kinanda. Naye, kwa kiburi cha mlezi, akajibu mbele ya mtaa mzima: "Huyu nimemlea mimi. Akiwadanganya, njooni mnidai mimi." Wakapiga makofi.

Mumewe hakutaka. "Mke wangu, kazi yangu mimi ni ya kukaa," alimwambia jioni ile. "Misuli yangu yote iko makalioni."

"Watasemaje watu? Mke anaimbisha, mume yuko kivulini anagonga soli?"

Fundi alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. Kesho yake akafunga kibanda, akachukua sururu.

Siku hiyo ya mipini isiyoshikika, basi, Kinanda alipomwona mumewe amekauka uso, hana hata tone la jasho, alivuta pumzi atamke "Tua". Mdogo wake akamshika mkono.

"Dada, usiwatue."

"Hawa wanaungua. Mtazame shemeji yako."

"Mabomba yanafika mchana huu. Mtaro usipofika kwenye kona, mkandarasi anahamishia kazi mtaa mwingine. Kaniambia mwenyewe. Utawaambia nini watu wako? Kidogo tu, dada yangu. Kwa ajili yangu."

Kwa ajili yangu. Neno hilo alilijua tangu anamfundisha kutembea. Kinanda akameza mate ambayo hayakuwepo, akaita:

"Maji yako wapi?"

"Yanakuja!"

Fundi viatu hakuitikia kwa sauti. Midomo tu ilicheza. Alimtazama mkewe mara moja, akisubiri. Akapandisha sururu, akaishusha. Mke akaimba ubeti mwingine, na mwingine, na kona ilikuwa karibu kabisa pale sururu ya fundi ilipopanda na kutoshuka. Alianguka kifudifudi ndani ya mtaro. Aliyekuwa nyuma yake, chuma kikiwa hewani, alijitupa pembeni akavunjika kidole.

"Tueni!" Kinanda alipiga kelele. "Tueni, jamani, tueni!"

Zahanati walimlaza benchini, wakamgusa ngozi, wakaguna. Muuguzi alisema joto limemwingia mwilini na figo zimeumia. Arudishwe nyumbani, apozwe mwili kwa maji, anyweshwe maji kila mara.

"Maji gani, dada?" Kinanda aliuliza.

"Maji tu, mama. Maji ya kawaida."

Maji ya kawaida! Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja chini ya bati, na mchana bati lililia kwa joto, likipasuka ka, ka. Kila alfajiri Kinanda alikwenda mto mkavu pamoja na wanawake wengine, wakafukua mchanga mpaka kiunoni, wakachota kwa kikombe maji yaliyotoka humo, rangi ya chai. Alichuja kwa kitambaa. Nusu alimnywesha mumewe, nusu alimpitishia kifuani kwa kitambaa hichohicho. Kabla hajamaliza kifua, bega lilikuwa limekauka. Miguu ilivimba. Fundi aliitazama siku moja, akasema, "Sasa sina kiatu kinachonitosha. Na fundi mwenyewe mgonjwa."

"Nyamaza, upumzike. Bomba linakuja."

"Linakuja na nani?" aliuliza, akacheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi.

Mabomba yalilazwa kweli. Makubwa, ya bluu, mtu mzima angeweza kutambaa ndani. Watu walifukia mtaro wenyewe, na safari hii waliimba bila Kinanda. Muuza mkaa alisogeza kibanda chake kupisha koki. Akafagia. Wanawake wakaanza kupanga ndoo pale, tupu, moja baada ya nyingine, kushika nafasi. Ndoo zilikaa juani mpaka zikapauka.

Muuza mkaa ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Maji yamefunguliwa tangu juzi," alisema. "Nimeweka sikio langu kwenye tundu la mfuniko wa chuma, juu ya lile bomba. Yanakwenda, mwenzangu. Yananguruma kama gari. Nimeyafuata kwa miguu mpaka yanapoingia. Unajua yanaingia wapi? Kwenye kile kiwanda cha maji ya chupa. Hakuna koki. Hakuna hata alama ya koki." Akamtazama Kinanda machoni. "Tulisema damu nzito kuliko maji. Kwa ndugu yako naona ni kinyume."

Kinanda alimfunika mumewe shuka, akachukua ndoo, akatoka.

Geti la kiwanda lilikuwa na kivuli cha bati jipya, na chini ya kivuli walinzi wawili na feni. Ndani aliona majani. Majani mabichi, yaliyokatwa vizuri, na mpira uliosahauliwa ukimwaga maji juu yake. Alisimama akitazama mpira ule mpaka mdogo wake akaja. Hakuwa na kofia ngumu tena; alivaa shati jeupe lenye nembo kifuani.

"Dada! Mbona hukupiga simu?"

"Koki iko wapi?"

Alimvuta pembeni, mbali na walinzi. "Mtaa wenu uko kwenye awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Hiyo wanajua wakubwa. Kuna mipango, kuna upembuzi..."

"Mimi sikuimba upembuzi. Nakuuliza wewe, niliyekubeba. Ulijua lini?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya, vya ngozi, si vile vya soli za tairi alivyozoea kutengenezewa bure na shemeji yake.

"Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo," alisema polepole. "Lakini sikiliza, dada. Ningesema ukweli, nani angechimba? Waliniambia, ukileta watu wa kujitolea, kazi ya kudumu ni yako. Nina watoto mimi. Na wewe watu wanakusikia. Ukiita, wanaitika."

Kwa hiyo hata sauti yake ilikuwa imepangwa katika hesabu. Kinanda alimpenda mtoto huyu kuliko mboni ya jicho lake, na sasa alitamani amrushie mchanga usoni.

"Shemeji yako anakufa," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nipe basi maji yake. Ndoo moja. Ule mpira pale unamwagia majani."

Mdogo mtu aliwatazama walinzi, akatazama kamera juu ya geti. "Dada, hapa hairuhusiwi kutoa maji nje bila kibali. Ndiyo kwanza nimeajiriwa. Nivumilie kidogo, nitafanya mpango. Kesho, kesho kutwa."

Kinanda akarudi na ndoo yake. Njia nzima alitembea juu ya udongo laini wa mtaro. Njia nyingine haikuwepo.

Kesho haikuleta kitu, wala kesho kutwa. Mto nao uligoma. Walifukua mpaka mwamba, na kikombe kikakwangua mawe. Jirani mmoja alitoa maji ya mwisho ya mtungi wake, akageuza uso asishukuriwe. Fundi viatu alikufa mchana, bati likilia juu yake, mkewe akimpepea kwa kipande cha soli.

Walikuja wote. Hata aliyevunjika kidole alikuja. Hakuna aliyemdai Kinanda kitu, na heri wangemdai, heri wangemtukana. Walimpa mkono na kukaa. Tatizo likawa moja, na hakuna aliyetaka kulitamka mpaka muuza mkaa alipolitamka: maiti ataoshwa kwa maji gani? Walipita nyumba kwa nyumba na sufuria moja. Ilirudi na maji yasiyofika nusu, yenye matope. Na joto lile halingojei maiti.

Ndipo gari dogo la kiwanda likasimama kwenye kona, pale palipofagiwa. Mdogo wake akashuka, macho mekundu. Alikuwa amelia kweli, hilo lilionekana. Akashusha katoni za maji ya chupa, akazipanga kizingitini.

"Nimeomba kibali," alisema. "Wamekubali. Ni rambirambi za kampuni."

Wanaume walikwishatundika shuka uani na kumlaza fundi juu ya mlango uliong'olewa. Waliposikia, mmoja alinyosha mkono nje ya shuka. Wanawake wakakaa mstari kuanzia kizingitini mpaka kwenye shuka, wakaanza kupitisha chupa, mkono kwa mkono. Zilikuwa ndogo, za mtu mmoja kunywa. Kwenye karatasi ya kila chupa palichorwa mlima wenye theluji. Nyuma ya shuka vizibo vilianza kulia vikifunguliwa, tk, tk, tk, na maji yakasikika yakimwagika, kidogo kidogo. Wanawake wale hawakuwa wamekunywa tangu alfajiri. Mmoja alipanguza midomo kwa ukosi wa gauni, akapitisha. Hakuna aliyefungua hata moja.

Mdogo wake alichuchumaa mbele ya Kinanda, aliyekaa mstarini. "Pole, dada yangu. Mungu ndiye anayejua." Akashusha sauti. "Chupa tupu msizitupe. Wamesema nizirudishe."

Kinanda alimtazama.

Muuza mkaa akapokea chupa, akashtuka, akaigusisha shavuni mwake. "Ya baridi," alisema, si kwa mtu yeyote. "Zimetoka kwenye jokofu." Akamkabidhi Kinanda.

Ilikuwa ya baridi kweli, imetoka jasho nje. Aliishika kwa mikono yote miwili. Vidole vilivyobabuka kwa kufukua mchanga vikatulia, na akachukia kwamba vilitulia.

"Leteni nyingine," mwanamume aliita nyuma ya shuka. "Bado miguu."

Akaipitisha.