Uswidi Karibu, Same Mbali

Alhamisi hiyo, pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ilipolia, Honorata alikuwa anachambua maharage ya makande. Akaweka ungo kando, akatia jembe begani, akateremka na wenzake mpaka barabara ilipoishia. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio. Wakubwa walikuwa wamesema: chimbeni barabara, gari la wagonjwa litapanda. Kila nyumba ilitoa watu wake, na waliokosa walikamatiwa kuku.

Jua lilipopanda, Priska, binti wa Honorata, akatokea migombani amevaa koti zito, theluji mabegani. Serikali ilikuwa imempeleka Uswidi kusomea kuongoza ndege kutoka mnarani.

"Shikamoo, baba," alimwamkia Melkizedeki, balozi wa nyumba kumi.

"Marahaba. Umechelewa, binti. Wenzako wametoka na umande."

"Nilikuwa nashusha ndege ya Roma. Nisingeiacha hewani."

"Haya. Shika sururu."

Akakung'uta theluji, akashika sururu. Kuku wa mama yake wakasalimika.

Walipopumzika, Melkizedeki akamuuliza ndege huchukua muda gani kutoka Dar es Salaam mpaka huko. Priska akajibu kama alivyofundishwa: karibu maili elfu tano, mchana kutwa na kipande cha usiku, maana ndege lazima itue njiani inywe mafuta.

"Na wewe je?"

"Mimi natembea tu. Nikisikia pembe natoka mlangoni, napita kwenye theluji kidogo, halafu migomba."

Hakuna aliyeona ajabu. Pembe ikilia, mtu anakuja.

Honorata hakuweza kukaa bila kutega. "Kitendawili."

"Tega."

"Kwangu mpaka Uswidi, tonge la ugali. Kwangu mpaka Same, chungu kizima cha makande."

Wakacheka. Hakuna aliyetegua, maana wote walishabeba mgonjwa kwa miguu mpaka mjini Same.

Wema, mkwe wa Honorata, alikuwa amewaletea uji, mimba yake imetimiza miezi. Akashika kiuno, akakaa chini. Mkunga akampapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Same. Wanaume wakaanza kufunga machela kwa miti na blanketi.

Honorata akamvuta binti yake pembeni. "Huko kwako kuna hospitali?"

"Ipo, mama. Ng'ambo ya barabara tu."

"Basi mchukue wifi yako."

Priska akamshika Wema mkono, wakaingia migombani. Priska akajikuta kwenye theluji, mkono mtupu. Wema akatokea upande wa pili, kwenye kahawa ya jirani. Priska akarudi, wakajaribu tena, ikawa vilevile.

"Pembe inaita mikono ya kuchimba," Melkizedeki alisema. "Mgonjwa haimhusu."

Wakamlaza Wema kwenye machela, wakashika njia ya mawe.

Kesho yake jioni wakarudi naye, hai. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye khanga. Pembe ya msiba ikalia, na Priska akafika kutoka Uswidi kabla machela haijamaliza kupanda mlima. Akachimba kaburi dogo, akakaa na wifi yake mpaka alipomwona amelala, kisha akarudi kupokea ndege.

Barabara ikakamilika, pana na imara. Wakubwa wakaja kuiona, wakaisifu, wakashuka na gari lao. La wagonjwa hawakulitaja, na halikupanda.

Mvua ikaotesha majani katikati ya barabara. Pembe ikalia. Priska akaja na koti lake. Wema naye akaja, akachukua kwanja, na wifi wawili wakafyeka bega kwa bega mpaka jioni.