Mji Usio na Ila

Mtu mzima akirudi shule hupongezwa na kila mtu, mpaka siku atakaporudishiwa kazi yake ikiwa imesahihishwa. Jumamosi ile Leokadia Komba, mkurugenzi wa teknolojia wa kampuni moja ya bima, mama aliyezoea kuitikiwa kabla hajamaliza sentensi, alirudi nyumbani kutoka chuoni hasira zimemjaa hadi kooni. Alikuwa amejiandikisha kwa hiari yake kusoma usalama wa mtandao na sera, maana alichoka kutia saini mambo asiyoyaelewa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika kanuni ya kuwalinda wateja wa kampuni dhidi ya matapeli wa mtandaoni, na kanuni hiyohiyo ilikuwa ipelekwe mbele ya bodi Jumatatu. Aliiandika bila kupepesa: mfanyakazi atakayebonyeza kiungo cha matapeli, kazi hana, siku hiyohiyo. Mhadhiri wake, Daktari Wandwi, kijana wa kulingana na kitindamimba wa kwao, alimpa alama ambazo ni aibu kuzitaja, kisha akamwambia mbele ya darasa zima, "Mama Komba, hapa umeandika amri. Sera bado." Sera bado! Yeye aliyekuwa anajenga mifumo wakati Wandwi anafundishwa kufunga kamba za viatu! Alikula wali bila kujua una chumvi au hauna, akajitupa kwenye kochi, akaapa kwamba Jumatatu kanuni itapita kama ilivyo na chuo atakipa mkono wa kwaheri. Usingizi wa mchana, usiojua kubisha hodi, ukamchukua na viatu miguuni.

Akajiona yuko kwenye barabara nyeupe inayokwenda hadi kwenye mji wenye ukuta mrefu, na juu ya lango pameandikwa jina la mji huo: SALAMA. Nje ya ukuta alikaa mwanamke mwenye baka jeusi lililomfunika nusu ya uso, ungo mapajani, akichambua mchele taratibu kana kwamba siku haina mwisho.

"Habari za hapa, dada?" Leokadia alimsalimu.

"Mbaya," yule mwanamke akajibu, bila kuinua macho.

Leokadia alishtuka. Hata mwenye msiba hujibu salama kwanza, ndipo aseme ila.

"Ndiyo, Ila ndilo jina langu," mwanamke alisema, maana ndotoni mawazo husikika. "Zamani nilikaa humo ndani. Mtu akishasema salama, mimi nilimfuata nyuma, na lililokuwepo likasemwa. Kisha wakaamua kuwa mji wao hauna ila, wakanitoa. Ingia ujionee, mwenzangu. Lakini uulizapo, nyamaza usikie. Wengi waliopita hapa huuliza na kujijibu wenyewe."

Langoni alisimama mlinzi nadhifu aitwaye Hofu, akampigia saluti na kumpitisha. Ndani, bibi mmoja mnene aitwaye Sifa alikuwa anazunguka mitaani akipiga vigelegele kwamba mji wao ni imara, hauna mfano duniani. Kila mlango ulitundikwa jina la mwenye nyumba, na wanaume wenye vikapu walipita mlango kwa mlango wakiyachuma majina yale kama wanavyochuma nyanya, hawakimbii wala hawajifichi, tena wakisalimia. Wenye nyumba wamesimama kando, jasho linawatiririka. Leokadia akamkimbilia mama mmoja ambaye mlango wake ulikuwa umebaki mtupu.

"Mama, habari?"

"Salama, Mheshimiwa."

"Salama gani na mnaibiwa mchana kweupe? Nani amewafungulia hawa watu?"

"Salama kabisa, Mheshimiwa," yule mama akasema, na jicho lake likakimbilia langoni.

Leokadia akamgeukia Hofu kwa ukali. "Umewafanya nini watu hawa mpaka wamekuwa mabubu?"

"Mimi?" Hofu akajibu kwa upole mkubwa. "Nawasomea tu ulichoandika, Mkurugenzi. Aliyemfungulia mwizi, kazi hana, siku hiyohiyo. Na tangu nianze kuwasomea, hajaonekana hata mmoja aliyemfungulia mwizi. Wezi wanaingia wenyewe."

Leokadia alitaka kulia kwa hasira. Alilivamia lango amwingize Ila, akalisukuma kwa bega, likagoma. Alipiga mateke, likagoma. Kutoka upande wa pili ilimjia ile sauti isiyo na haraka: "Halitaki mabavu hilo. Uliza, kisha nyamaza."

"Nimeuliza!"

"Umeuliza. Hujanyamaza."

Kikapu kikampita karibu, na juu kabisa ya majina yaliyochumwa akaliona lake, Leokadia. Akafungua kinywa apige kelele, na kelele zake mwenyewe zikamwamsha.

Alikaa kitako, shavu limechorwa mistari ya kochi, akamchukia Wandwi upya, safari hii kwa sababu kijana yule alikuwa amesema kweli. Kisha akachukua simu, akampigia Nassoro, msaidizi wake, aliyekuwa zamu ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nassoro. Habari za kazi?"

"Salama, mama. Salama kabisa."

Siku nyingine angesema vizuri, akakata simu.

"Ila?" aliuliza.

Akanyamaza. Upande wa pili nako kukawa kimya, kimya cha kuudhi, na mara mbili alitaka kusema neno akajing'ata mdomo.

"Ila, mama... juzi ilikuja barua pepe kama imetoka kwako. Nikabonyeza. Ni mimi mwenyewe. Tangu jana kuna mtu anachota majina ya wateja, nami nahangaika kumzuia peke yangu. Nilishaisoma ile kanuni yako, mama. Nina watoto."

Hasira ilimpanda Leokadia, na neno lilikuwa tayari ulimini, lile alilokwisha kuliandika kwa ajili ya Jumatatu. Alilimeza, likashuka kwa taabu.

"Asante kwa kuniambia," alisema, akitafuta ufunguo wa gari. "Nakuja sasa hivi. Wewe ndiye uliyemwona anavyopita, Nassoro. Niambie, tuanzie wapi?"