Shatapu ya Dukani

Mama Erasto aliapa mpaka mate yakamruka: Theresia kamtukana mgeni wa Kizungu mchana kweupe, dukani kwa Bi Shirinbai. "Kamwambia shatapu! Na mkono kamtupia! Mwanamke wa watu macho pima. Ni hiyo simu, Mama Theresia. Kutwa tamthilia za Kizungu, ndiyo haya sasa."

Theresia aliporudi kutoka kazini hapo dukani, simu yake ilikwishaingia sandukuni, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama yake.

"Kesho utakwenda kumwomba radhi huyo mgeni," mama alisema huku akitwanga kisamvu. "Ukirudi, ndiyo utaiona simu."

Theresia alivua kandambili, akakaa kizingitini. Shule yake iliishia darasa la saba. Kiingereza chote alichokiokota baada ya hapo kilitoka kwenye simu ile: anasikiliza, anarudisha nyuma, anamtazama msemaji usoni ajue neno limetoka kwa hasira au kwa kicheko.

"Siendi."

"Unasemaje?"

"Siendi, Mama. Mama Erasto kasikia neno, uso wangu hakuuona."

"Shatapu si 'funga domo lako'? Hata mimi wa darasa la nne najua!"

"Ukikasirika, ndiyo. Mimi nilimuuliza katoka wapi, akanijibu Mikindani. Kwa miguu njia yote ile mpaka huku, Mama. Jua lote lile, na mtoto mgongoni."

Mchi ulisimama hewani. "Mwongo wewe!"

Theresia alimtazama.

"Mbona unanitukana, Mama?"

"Nimekutukana saa ngapi? Si nimeshangaa tu!"

"Na mimi nilishangaa tu. Kwenye tamthilia, shoga akiletewa habari ya ajabu na mwenzie, anamwambia shatapu, anamtupia na mkono kwa mzaha, wanacheka. Yule mgeni kacheka mpaka kashika meza. Muulize Bi Shirinbai."

Nyuma ya ua wa makuti mtu alikohoa.

"Karibu ndani, Mama Erasto," Theresia aliita. "Usije ukasikia nusu tena."

Kandambili za Mama Erasto zikaburuzika kwenda zao. Mama aliuma mdomo, mabega yakimtikisika, kisha akakunja uso upya na kurudi kwenye kinu chake.

Theresia aliinuka, akasimama mbele yake, akakinga kiganja.

"Radhi siombi. Nipe ufunguo, Mama."

Mchi ukapanda, ukashuka. Pindo la khanga likaning'inia palepale, na fundo lake.