Wimbo wa Mwenye Nyumba

"Huo wimbo hautaimbwa, Cliff," mwenyekiti alisema huku akikoroga chai, kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha.

Clifford Entwistle alikuwa amesimama mbele ya meza ya kamati, kofia mkononi. Alipogundua kwamba ameivua, alijichukia, akairudisha kichwani.

"Hujausikia hata mara moja, Mwenyekiti. Unaukataaje?"

"Sina haja ya kuusikia. Kabla ya mechi tunapiga wimbo wa taifa. Na Jumamosi tutapiga beti mbili badala ya moja, kwa heshima ya marehemu mkeo. Spika nimeshaiandaa."

"Mke wangu hakuupenda hata huo ubeti mmoja. Wewe unamwongezea wa pili."

Wajumbe wengine walikodolea biskuti zao macho. Cliff hakutegemea vingine. Aliwajua tangu wakiwa na kaptura. Watu wa Harrowclough wanasema sana baani, lakini wakifika mbele ya mtu mwenye koti la klabu na sauti ya kusini, wanageuka mabubu.

Mwenyekiti mwenyewe, Roderick Pym, alihamia pale baada ya kustaafu ofisi fulani huko kusini. Alinunua nyumba ya zamani ya mwenye kiwanda cha nguo kule kilimani, na kabla hajayajua majina ya majirani zake akawa ameshapewa aiongoze klabu ya tufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira mizito kwenye nyasi. Babu yake Cliff alikuwa mmoja wa wafumaji walioupandisha mgongo ule uwanja wa nyasi kwa sepetu, jioni baada ya zamu, ili tufe ziviringike kwa kupinda kama inavyotakiwa huku Lancashire, kaskazini mwa England. Leo mjukuu wake anasimama mezani kuomba ruhusa ya kuimba juu yake.

Na hakuwa akiomba kwa ajili yake. Alikuwa akimwombea Glenys.

Glenys alitoka Pentre Gwyn, kijiji cha Wales ambacho timu yake ilikuja Harrowclough kila kiangazi kucheza tufe. Mwaka mmoja alikuja kumshangilia kaka yake, Gethin, na kiangazi kilichofuata akawa Bibi Entwistle. Tangu hapo, kila mechi ilikuwa na desturi yake. Wageni waliimba wimbo wa Wales, kwa sauti nne zilizopangika kana kwamba wamezaliwa wakiimba, na Glenys aliimba nao akiwa upande wa wenyeji, bila haya. Halafu wenyeji waliimba wimbo wa taifa, ule wa kumwombea Mfalme, au Malkia enzi zile, na hapo Glenys aliketi kwenye benchi akatoa sufu na sindano zake, akafuma.

"Simama, mwanamke," Cliff alikuwa akimnong'oneza. "Watu wanaangalia."

"Nisimamie nini? Huo si wenu. Huo ni wa ufalme wote, na sisi wa Wales tumo humo humo, na Waskoti pia. Sisi tuna wetu, Waskoti wana wao. Nyinyi watu wa England mna wimbo wa kumwombea mwenye nyumba. Wa nyumba yenyewe hamna."

"Tunazo nyingi tu."

"Mkiupata, mzee wangu, nitasimama."

Utani huo uliishi nao jikoni miaka arobaini. Ilipoonyeshwa mechi ya England kwenye televisheni na wachezaji wakapanga mstari kumwombea mwenye nyumba, Glenys alimtazama tu mumewe kwa jicho la pembeni, akaendelea kumenya viazi. Cliff alikasirika, kisha akacheka, kisha akaanza kuona kwamba mke wake amesema kweli. Nchi iliyoupa ulimwengu mpira, reli na shuka za pamba, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba watu wake wanastahili wimbo unaowataja wao.

Halafu Glenys akaugua. Wakubwa waliokuwa wakijisifu kwenye habari jinsi wanavyojali wazee walimweka kwenye foleni ya kumwona daktari bingwa, na foleni haikusogea, na ugonjwa ukachoka kusubiri. Usiku kabla hawajamchukua kwa gari la wagonjwa, Cliff alikaa naye kitandani akamwimbia, ili acheke, wimbo wa wafumaji wa Harrowclough, ule waliofundishwa shule ya msingi kabla shule haijafungwa na kugeuzwa kuwa maghorofa ya kupangisha.

*Tulifuma shuka za dunia nzima,*
*sisi tukajifunika moshi...*

Glenys hakucheka. "Wewe," alisema, "kumbe mnao."

"Huu ni wa hapa tu. Si wa England."

"England ni wapi kama si hapa? Waimbe huo, nitasimama."

Cliff alimwahidi. Sasa kamati imelipatia kombe la mechi jina la Glenys, ikasema Cliff ndiye atakayerusha kitufe, ile tufe ndogo ya kulengwa, kufungua mechi, na wimbo mmoja alioukubali marehemu unakatazwa na mtu anayekoroga chai.

"Elewa, Cliff," Pym alisema kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Sina ubaya na wewe. Lakini unajua watu wanaopenda kuimba England, England peke yake, ni watu wa namna gani. Mwaka juzi walisimama na bendera zao nje ya duka la mjomba wake Parvez wa timu yetu, wakapiga kelele mchana kutwa kwamba wahamiaji warudi kwao. Sitaki Parvez ajisikie vibaya kwenye klabu yake."

"Umemuuliza Parvez?"

"Mambo mengine hayaulizwi."

"Kwa hiyo wahuni wakivaa koti linalofanana na langu, mimi nitembee kifua wazi?"

"Ukiuanzisha huo wimbo Jumamosi, jina lako linatoka kwenye timu na kitufe atarusha mtu mwingine. Samahani sana."

Cliff alitoka bila kuaga. Samahani sana. Hivyo ndivyo walivyomwambia hospitalini pia.

Jumamosi jua lilitoka, jambo ambalo Harrowclough hulipokea kwa mashaka. Wanawake wa jikoni walishapanga pai za nyama na birika za chai. Parvez Akhtar, fundi wa mabasi, mtu mnene mwenye mkono mwepesi kuliko wote klabuni, alimkuta Cliff akizifuta tufe zake kwa kitambaa, akizifuta tena.

"Mzee Cliff, hiyo sura umeiazima wapi? Irudishe, mwenyewe ana mazishi."

"Mwenyekiti amekataa wimbo wa wafumaji. Anasema wewe utajisikia vibaya."

Parvez aliketi. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi nilijisikia vibaya siku waliponipanga nicheze pamoja na wewe. Huo wimbo nimeuimba mpaka koo likakauka. Bibi Shorrock alitufungia darasani tusitoke kwenda kucheza mpaka tuujue wote. Baba yangu alikuwa mfumaji zamu ya usiku kwenye kiwanda kile kile, au Pym anadhani alikuja Lancashire kuota jua?"

"Hakukuuliza."

"Hawaulizi, mzee. Wanatusikitikia tu. Kusikitikia ni rahisi."

Kipenga kilipigwa. Timu zilijipanga pande mbili za uwanja. Wageni waliimba kwanza, bila spika, bila karatasi, na ule wimbo wao ukapanda juu ya paa za nyumba hadi wapita njia wakasimama ukutani. Cliff aliyajua maneno yote, kwa lugha asiyoielewa, kutokana na miaka arobaini ya kumsikia Glenys akiyaimba huku akiosha vyombo.

Gethin, mzee sasa, alivuka uwanja polepole, akaketi kwenye benchi alilozoea kukalia dada yake.

"Nakalia nafasi yake, shemeji," alimwambia Cliff. "Unajua kinachofuata."

Pym akabonyeza spika. Muziki wa wimbo wa taifa ulilia kwa fahari, na wenyeji wakaimba kama watu wanaojibu maswali ya polisi. Walipofika pa kumtaja mwenye kiti cha enzi, nusu walisema Mfalme na nusu, kwa mazoea ya maisha yao yote, wakamtaja Malkia aliyekwisha kuzikwa. Maneno yakagongana. Mtu akakohoa, mwingine akacheka puani, na wanawake wa jikoni wakatazama chini.

Halafu ubeti wa pili ukaanza, ule wa heshima.

Hakuna aliyeujua. Haujulikani na mtu yeyote England, labda maaskofu. Midomo ilifunguka na kufumbika kama ya samaki wa soko, wengine wakirudia maneno ya ubeti wa kwanza, wengine wakivuma tu. Pym mwenyewe, mkono kifuani, alianza kuchunguza mawingu. Muziki ukaenda peke yake uwanjani, mkubwa, bila mtu ndani yake, na watu wa Wales wakautazama ukipita kwa adabu inayouma kuliko kicheko.

Kwa jina la Glenys. Wamelitumia jina lake kwa kitu hiki.

Cliff hakumbuki kama aliamua. Aliisikia sauti yake, ya kukwaruza, iliyotoka nje ya tuni.

*Tulifuma shuka za dunia nzima...*

"Cliff," Pym alisema.

*...sisi tukajifunika moshi.*

Parvez akaingia kwenye mstari uliofuata, kwa sauti nzito ya gereji, na lafudhi ya Harrowclough usiyoweza kufundishwa ofisini. Jikoni mwanamke mmoja akaweka birika chini akaimba, na wenzake wakamfuata, na wale wajumbe waliokuwa mabubu wakaanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kwa sababu wote walifungiwa na Bibi Shorrock darasa lile lile. Pym akaongeza sauti ya spika. Nyimbo mbili zikasukumana juu ya nyasi kama majirani wenye ugomvi wa ukuta, mpaka wa spika ukaisha, kwa kuwa spika ni mashine na ina mwisho wake. Wa watu ukabaki. Ulikuwa na beti tano na waliziimba zote.

Kwenye ubeti wa tatu, Gethin alivua kofia yake, akashika mgongo wa benchi, akasimama. Wenzake wa Pentre Gwyn wakamwona, na wao wakavua kofia.

Ulipoisha, hakuna aliyepiga makofi. Gethin alimjia Cliff.

"Aliniambia," alisema. "Kwenye simu, wiki ile ya mwisho. Alisema mkiimba wenu, nisimame kwa niaba yake. Basi, nimemsimamia."

Cliff alitikisa kichwa kukubali.

Pym alikuwa ameshafika, uso umemwiva. "Nilikuonya. Jina lako limetoka. Kitufe nitarusha mimi kama mwenyekiti."

Wajumbe walisikia. Waliokuwa wakiimba dakika hiyo hiyo walianza kufunga kamba za viatu vyao. Cliff aliwatazama mmoja mmoja na hasira yake ikapata mahali pengine pa kukaa. Wimbo waliuweza. Neno moja la kawaida, la kusema "hapana, Mwenyekiti", halikupatikana.

"Mimi naondoka na wewe," Parvez alisema, akiinua mkoba wake.

"Wewe cheza. Ukiondoka, kesho atasema ulijisikia vibaya."

Parvez alicheka bila furaha, akaushusha mkoba.

"Mmoja wetu goti limemgomea," Gethin alisema. "Njoo uchezee Wales, shemeji. Maneno ya wimbo unayajua, baadhi yetu wanadanganya mistari miwili."

Cliff aliwaza jinsi ambavyo Glenys angeshika mbavu zake kwa kicheko. "Mimi ni wa hapa, Gethin. Ndiyo taabu yangu yote."

Alizirudisha tufe kwenye mkoba wake, akaenda kuketi kwenye benchi la mkewe. Pym alirusha kitufe. Mechi ikaanza, watu wakaanza kusema habari za jua.

Baadaye, kabla ya chai, mpiga picha aliitwa. Timu ya Harrowclough ilijipanga mistari miwili, Pym katikati, kombe lenye jina la Glenys mikononi mwake. Akamwona Cliff pale alipo, na pengine kwa kutaka yaishe, au kwa ajili ya picha, akamwita kwa sauti ya upole.

"Cliff. Simama basi, uje. Ni klabu yako pia."

Cliff alipandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mkiipata klabu hiyo," alisema, "nitasimama."