Kiyoyozi Kilichogoma Kuzimika

Kiyoyozi cha sebuleni kiligoma kuzimika. Mama akikizima kwa rimoti kinanyamaza kidogo, kisha kinalia "tii!" na kuanza upya kumpulizia baridi, naye kajikunyata kochini na shuka mbili kama mgonjwa. Tangu abaki peke yake, hiyo "tii" ndiyo ilikuwa maongezi yake ya kutwa.

Fundi aliyemwita alivua viatu mlangoni, akapanda ngazi hadi kilipo kiyoyozi.

"Betri za rimoti umebadilisha, mama?"

"Mpaka mwenye duka ananiita mteja wa betri."

Fundi akafungua kifuniko, akapima kihisi cha joto, akakagua swichi ya ndani isije ikawa imenata. Vyote vizima. Akazima, akaweka rimoti mezani. Wote wawili wakakodoa macho.

Tii!

"Usinitazame hivyo mwanangu, sijakigusa."

Fundi akacheka. "Kuna mtu anakiwasha kwa simu. Hiki kimeungwa na intaneti. Nani alikununulia?"

Alikinunua bintiye, kabla hajahamia ng'ambo. Binti huyohuyo ambaye siku hizi hutuma ujumbe tu: kazi zimenibana mama, nitapiga. Mama akaketi taratibu. Kumbe nafasi ya kumpulizia baridi anayo. Ya kumsalimu ndiyo hana.

"Mwondoe," akasema.

"Atakasirika, mama."

"Na akasirike. Akikasirika atapiga."

Fundi akamwondoa binti kwenye kiyoyozi, akakusanya vifaa vyake, akaaga. Nyumba ikazizima kwa ukimya. Sasa hata "tii" haikuwepo. Mama akaiweka simu mapajani, akaitazama. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kivuli cha dirisha kikatambaa sakafuni hadi kikafika ukutani, naye bado yuko palepale, chai imepoa.

Simu ikaita.

"Mama! Kiyoyozi kimepotea kwenye simu yangu! Nimeshtuka, nikadhani... nikadhani wewe..."

"Ulidhani nimekufa."

"Usiseme hivyo! Kila siku naangalia joto la hapo ndani. Kikizimika tu simu inaniarifu, nakuwashia kabla halijapanda, roho yangu inatulia, najua uko salama."

"Ulichokuwa unajua ni kwamba kiyoyozi kiko salama."

Sauti ya binti ikatoka nyembamba, ya kitoto, ileile aliyoikosa Mama miezi yote hii.

"Umenitisha, mama. Si uniombe radhi hata kidogo?"

"Sikuombi," Mama akajibu. "Wala sikuungi tena. Ukitaka kujua kama nasikia joto, niulize mwenyewe."