Mama Hana Tatizo

"Imeandikwa hapa hana tatizo," karani alisema bila kuinua macho. "Tulimpigia simu mama yako mwenyewe, tukamuuliza hali yake. Akajibu, 'Siwezi kulalamika, mwanangu. Na wewe?'"

"Ndivyo anavyomjibu kila mtu," Garth Sugden alisema. "Angekujibu hivyo hata akiwa ndani ya jeneza."

"Mimi naandika ninachoambiwa, mzee."

Foleni nyuma yake ilikohoa. Garth alikuwa ameosha madirisha ya watu wa mji wa Ackerby miaka thelathini, na kwenye kioo cha dirisha la karani aliona kwanza michirizi. Mtu alikuwa amepangusa kwa kitambaa kikavu, tena mbiombio. Uso wa karani ulikuwa nyuma ya michirizi hiyo, nao haukuwa safi zaidi.

"Sheria ipo," karani akaendelea. "Mtu mwenye ugonjwa wa usahaulifu, akiwa anaishi peke yake na anapata posho ya kutunzwa, nyumba yake inasamehewa kodi ya halmashauri. Posho anapata?"

"Anapata. Kwa sababu ya nyonga."

"Basi bado sahihi ya daktari, hapa chini. Isipofika Ijumaa ijayo, jina lake linakwenda mahakamani pamoja na wadaiwa wengine."

"Ana miaka themanini na minne!"

"Mahakama haiulizi umri."

"Mama yako ungempeleka?"

"Wangu analipa. Anayefuata!"

Beryl Sugden, mama yake Garth, naye zamani alikuwa akilipa, tena siku ya kwanza ya kila mwezi, na aliwasema vibaya majirani waliochelewa. Barua za madai Garth alizikuta chini ya bakuli la mbwa aliyekufa zamani, bakuli ambalo mama yake bado alilijaza kila asubuhi. Hakumwambia mtu. Watu wa mabonde ya Ackerby, mguu ukivunjika, husema umeteguka kidogo.

Kwa hiyo alificha, na alikuwa fundi wa kuficha. Kabla ya kwenda na ngazi yake kazini alipita kwa mama, akafunga mabomba, akatoa nyama mbichi kwenye droo ya soksi, akamgeuzia sweta aliyoivaa nyuma mbele. Kanisani alimmalizia sentensi zake. Kioo kilichooshwa vizuri hakionyeshi mkono uliokiosha, na Garth alimtunza mama yake vivyo hivyo. Miaka mitatu hivi, na mji mzima ukasema: Beryl, mashallah, akili bado kali.

Daktari Sadiqa Mirza alikuja Jumatano saa nne. Alikuwa mgeni pale kliniki, hajawahi kumwona bibi huyu. Beryl alimpokea mlangoni akiwa na rangi ya mdomo na mkufu wa lulu.

"Hujambo, Bi Sugden?"

"Siwezi kulalamika, daktari. Ila wewe umekonda. Huko kwenu hawakulishi?"

Daktari akacheka. Wakaketi, Garth kwenye kiti karibu na mlango wa jiko.

"Huu ni mwezi gani?"

"Wa mvua. Hapa yote ni ya mvua."

"Na waziri mkuu ni nani siku hizi?"

"Mwizi. Kama yule aliyemtangulia."

Daktari akacheka tena, na kalamu yake ikabaki hewani. Garth aliiona ile kalamu: haikuwa imeandika kitu.

"Bwana Sugden," daktari alisema, "mimi nasaini ninachokiona."

Ikabidi aseme. Akasema ya nyama kwenye droo. Akasema ya ndoo ya makaa, kwamba mama huikalia kama choo. Akasema mama humwita yeye Norman, na Norman ni baba yake, aliyezikwa miaka kumi na tisa iliyopita. Alisema akitazama zulia.

"Mwongo!" Beryl alisimama. Shingo yake ilikuwa imewiva. "Unamsikia, daktari? Anataka nyumba yangu huyu. Tangu mdogo ana mkono mrefu. Ndoo ya makaa! Mshenzi wewe, mbele ya mgeni!"

Daktari alimtazama Garth, na haikuwa kwa wema. Watoto wa namna hiyo alikwisha kuwaona.

Beryl akaweka lulu zake sawa. "Nikuletee chai, daktari. Huyu Garth wetu hata maji hajui kuchemsha."

Akaingia jikoni. Garth akainuka nusu, kama alivyoinuka kila siku kumfuata nyuma na kurekebisha. Kisha akakaa. Akaweka mikono chini ya mapaja na kuikalia.

Akasikia bomba. Akasikia birika la umeme likitolewa kwenye stendi yake. Akasikia gesi ikitik-tik, ikashika, vuu. Chuma kikasuguana na plastiki.

Daktari alikuwa anakusanya karatasi. Pua yake ikanyanyuka.

"Bwana Sugden, kuna kitu kinaungua?"

"Ngoja kidogo."

"Nini?"

"Ngoja, tafadhali."

Moshi mweusi ukapita juu ya kichwa cha Garth. Daktari aliruka, akamsukuma bega, akaingia jikoni. Kitako cha birika kilikuwa kinadondoka kwenye moto kama nta, na Beryl alisimama kando yake, mkono ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye ndimi za moto, akitabasamu kama mwenyeji.

"Karibu yachemke," alisema. "Norman atakata keki."

Daktari alizima gesi, akamvuta bibi kando, akaugeuzageuza mkono wake kuutazama. Ulikuwa mzima. Kisha akaandika akiwa amesimama, fomu juu ya mashine ya kufulia, akaandika mengi, akasaini.

"Ulijua atafanya hivi," alisema.

"Nilijua."

"Angeungua."

"Miaka mitatu sijamwacha aungue, daktari. Ndiyo maana hukuniamini."

Daktari akampa karatasi bila kumpa mkono, akaondoka.

Garth alifungua madirisha yote. Alipogeuka, jiko lilikuwa tupu na mlango wa mbele wazi. Beryl alikuwa getini kwenye manyunyu na slipa zake, akiangalia barabara juu, kisha chini, kama mtu aliyeahidiwa kuja kuchukuliwa. Garth akamfikia, akasimama hatua moja nyuma yake.

"Kaka," Beryl alisema bila kugeuka, kwa sauti ya heshima anayopewa mgeni, "kule ndani kuna mtu mbaya. Utanisindikiza nyumbani?"

Garth akamtolea kiwiko. Beryl akakishika, wakaanza kuteremka barabara, wakiuacha mlango ukitoa moshi nyuma yao.